Kapita anayeambiwa habari mbaya

Leo nataka kusema juu ya kapita, na ninajua wengine hawatafurahi. Lakini mtu anayefunga vidonda kila siku anaona mambo ambayo hayaandikwi katika kitabu cha ajali.

Mara kwa mara anafika kwetu mtu mwenye kidole kilichovimba na kujaa usaha. Ninamwuliza: uliumia lini? "Jana." Kidonda hakisemi uongo, kile kina siku 5 au 6. Kwa nini alikificha? Jibu ni lile lile: ekipi imebakiza siku chache kupata zawadi ya kukosa ajali, na kapita amesema mtu asiiharibu. Basi anafunga kidole kwa kitambaa chenye mafuta ya mashini, anarudi kazini. Pepopunda haijui zawadi. Mara nyingi inaonekana kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, na ikisha kukaza taya, hata hospitali kubwa inashindana nayo kwa shida.

Kwa hiyo mimi nasema: kapita ambaye kitabu chake ni cheupe miezi na miezi, tusimsifu upesi. Kwanza tujue kama watu wake wanamwambia. Ekipi inayoleta habari ndogo ndogo nyingi, kwamba jiwe limeanguka bila kumpiga mtu, kwamba kamba ya umeme imechubuka, kwamba fulani ameteleza kwenye ngazi, mara nyingi ndiyo inayomtumainia mkubwa wake. Zawadi ingepewa hiyo.

Kutumainiwa hakutoki katika maneno matamu ya asubuhi. Ndugu mmoja akisema, "Kapita, dari pale silipendi," kapita achukue mtalimbo, aende kugonga mwenyewe. Kila mchimbaji anajua: jiwe zima linalia kama kengele, jiwe lililoachana na mwamba linalia kama ngoma. Likilia kama ngoma, watu wanatoka na jiwe linaangushwa kwanza. Hapo hakuna mabishano. Likilia kama kengele je? Hapo ndipo kapita anapopimwa. Mwingine atacheka mbele ya wote: "Wewe mwoga kama mtoto!" Siku ile amefunga vinywa vya ekipi nzima, si kinywa kimoja. Mwenye akili atasema, "Asante ndugu, ni zima, lakini uendelee kuniambia." Hayo hayagharimu hata franga moja. Na kama habari imepelekwa kwa wakubwa wa juu, kapita arudi na jibu, hata likiwa "bado." Aliyesema mara mbili asijibiwe, hasemi mara ya tatu.

Wachimbaji wa shaba wa Chile walituonyesha jambo hili. Tarehe 5 Agosti 2010, katika machimbo ya San José, mwamba uliporomoka na kufungia watu 33 chini, karibu metre 700. Walijaribu kupanda kwa shimo la hewa, wakakuta ngazi hazipo. Chakula kilikuwa cha siku chache tu. Mkubwa wa posti yao, Luis Urzúa, pamoja na wenzake walikigawa sawa, vijiko viwili vya samaki wa mkebe kila saa 48, mpaka walipopatikana siku ya 17. Mambo makubwa waliyaamua kwa wingi wa sauti. Tarehe 13 Oktoba, siku ya 69, walipandishwa mmoja mmoja, na Urzúa akatoka wa mwisho. Mtu mwenye njaa hakubali vijiko viwili kama hajui kwamba mkubwa naye anakula viwili. Lakini tusemeshane kweli: kapita mwema hawezi kupandisha watu kwa ngazi isiyokuwako. Machimbo yale yalikuwa yamefungwa mwaka 2007 baada ya mchimbaji kufa, kisha yakafunguliwa tena. Hayo ni ya wakubwa, si ya kapita.

Linabaki jambo la kifua. Vumbi la mawe linaleta silikozi, na silikozi haina dawa ya kuiponya. Tena inafungulia mlango kifua kikuu, ambacho kinapona kwa dawa za miezi 6 mtu akiwahi. Ndiyo sababu tunatoboa kwa maji na kuvaa maski. Kapita anayevaa yake kidevuni amekwisha kuwafundisha vijana wote. Mtu akikohoa, asimtangaze penye kubadilishia nguo: "Huyu ana kifua!" Amwite pembeni, amtume kwetu. Akimtangaza mmoja, wengine watakohoa kwa kujificha chini ya blanketi, na ni mke tu atakayejua.

Ninyi mama mnajua kabla yetu. Najua pia mnaogopa baba asitolewe chini na kupoteza primi yake. Hofu hiyo si ya bure. Lakini kikohozi kikipita majuma 2, mleteni, hata akinuna njiani. Tunayoyaona katika chumba cha matibabu hatumpelekei kapita. Yeye anapata karatasi inayosema tu mtu huyu anafaa kazi gani, basi.