Bonde la Msimbazi: Ramani Mbili, Watu Walewale

Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na wakazi wa mabondeni, likiwemo bonde la mto Msimbazi, waliumia sana. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora ramani ya nyumba, mitaro na njia za maji katika kata zinazofurika.

Ramani ya makazi inapolazwa juu ya ramani ya mafuriko, hudhihirika kwamba mipango miji na utunzaji wa mazingira, ingawa husimamiwa na ofisi tofauti, hukutana juu ya paa moja la maskini.

Hapo pana hatari. Ramani iokoayo uhai yaweza pia kutumika kumhamisha mtu bila kumwonesha pa kwenda. Katika waraka Laudato si', hayati Papa Francisko alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja.

Basi, wapendwa waamini, serikali ya mtaa inapoitisha mkutano wa mipango, twendeni. Tuulize: mto umepewa nafasi yake, je, watu wamepewa wapi?