Bafu la Wazee ni Amana

Katika makao ya wazee, kama yale ya Sebleni na Welezo kule Unguja, bafu ni mahali pa siha na pa tohara pia. Mzee aliyejitunza kwa miaka 80 hulionea kinyaa bafu lililoachwa na uchafu wa mwenzake, na huogopa kuteleza. Kwa kuwa huona haya kulalamika, hukaa bila kuoga, na moyo wake hautulii hata anaposimama kuswali.

Madhara hayaishii hapo. Fangasi za miguuni huenea kwenye sakafu yenye majimaji, na upele huambukizwa kwa kutumia taulo moja. Ngozi ya mzee ni nyembamba. Huchubuka upesi na hupona polepole.

Kusafisha bafu asubuhi pekee, kisha kuwaogesha wazee mfululizo, hakutoshi. Kiti, vishikio na sakafu vioshwe kila anapotoka mmoja. Kwanza visuguliwe kwa sabuni na brashi, visuuzwe, ndipo itiwe dawa ya klorini, kwani klorini ikimwagwa juu ya uchafu hupungua nguvu. Ikiwa dawa ni ya asilimia 5, changanya kipimo 1 na vipimo 49 vya maji. Palipokuwa na damu au choo, baada ya kuzoa na kuosha, tumia kipimo 1 kwa vipimo 9. Iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha pasuuzwe na pakaushwe. Katu isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa hewa yenye sumu. Madirisha yawe wazi wakati wa kusafisha, na kila mzee awe na taulo, dodoki na kandambili zake.

Haya yote yanahitaji mikono. Mhudumu mmoja hawezi kuwaogesha wazee kumi na kusugua bafu mara kumi. Tunapowazuru kwa sukari, unga na kanga, tuongeze brashi, sabuni, glavu na taulo zilizotiwa alama ya kila mwenyewe. Tumuulize msimamizi, kwa adabu, ni siku gani wahudumu hupungua, nasi familia tupange zamu ya kusaidia usafi. Sadaka hiyo haionekani katika picha, lakini mzee huihisi kila anapokanyaga sakafu kavu. Nao ndio waliotuogesha tulipokuwa wachanga.