Kabla Fundi Akuwekee Windows 11, Piga Diski Yako Picha

Leo tuweke siasa na drama za macelebu kando kwa dakika chache, juu kuna kitu iko hapo mezani kwako na siku moja inaweza kukuliza kuliko ex wako. Ni hiyo laptopu.

Nikuulize swali moja tu. Ikizima sai na isiwake tena, utakuwa umepoteza nini? Usinipee bei ya mashine. Mashine utanunua ingine, hata kama itabidi ujinyime miezi kadhaa. Naongelea ile projekti ya mwaka wa mwisho unapeleka kwa supavaiza pale Masinde Muliro. Naongelea picha za babu ambaye hayuko tena, biti ulizotengeneza usiku wa manane, rekodi za wateja wa saiba yako ya Lurambi. Hizo hazina duka. Huwezi ingia Mega Mall useme nataka tisisi yangu ya mwaka jana.

Sasa mbona nakusumbua na hii maneno leo?

Juu Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga duka la Windows 10. Mashine hazikuzima siku hiyo, na yako pengine bado inachapa kazi fiti. Lakini zile apdeti za bure za kuziba mianya ya usalama ziliisha, isipokuwa kwa wenye walijisajili kwa mpango wa kuongezewa muda, ambao nao mwisho wake ni Oktoba 13, 2026. Baada ya hapo, ni wewe na Mungu wako.

Kwa wasee wa ng'ambo hiyo ni habari ya kununua mashine mpya. Kwetu ni story ingine kabisa. Laptopu nyingi tunazotumia mtaani ni zile za mtumba, ex-UK, zimetumika kwa ofisi ya watu huko kabla zitufikie. Chukua mfano wa EliteBook 840 G3 ama ThinkPad T460. Ni mashine ngumu, ukiitunza vizuri itakupeleka mbali. Lakini zina prosesa za Intel za kizazi cha sita, na Windows 11 rasmi inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0.

Kwa hivyo wasee wanafanya nini? Wanaenda kwa fundi. Mmoja anataka Windows 11 iingizwe kwa nguvu. Mwingine ameambiwa ajaribu Linux. Mwingine ameona ni heri abadilishe diski ya zamani aweke SSD ndio mashine iamke haraka. Njia ni tofauti, lakini mara nyingi zote zinapitia mlango mmoja, na mlango huo unaitwa kufomati.

Fundi atakuuliza, "Buda, kuna kitu muhimu humu ndani?" Wewe uko mbio, unataka kurudi keja, unasema, "Hapana, ni madokumenti tu, weka kwa flashi." Fundi anakopi foda moja, anafuta zile zingine, na jioni unapata mashine safi kama sahani ya mgeni. Siku tatu baadaye ndio unakumbuka ile foda ilikuwa imekaa kwa diski D. Usimlaumu fundi sana. Alikuuliza, na ukajibu.

Kukopi faili si kupiga picha

Wengi wetu tukisikia bakapu, tunafikiria kuburuta foda kadhaa hadi kwa flashi. Hiyo si mbaya, ni mwanzo. Lakini ni kama kuhama nyumba ukibeba nguo pekee. Ukifika keja mpya utaanza kutafuta jiko, kitanda, pazia na hata balbu.

Picha ya diski, ama imeji vile mafundi huiita, ni kuhama na keja nzima. Programu inanakili kila kitu kilicho kwa diski: Windows yenyewe, programu zako, mipangilio, driva, faili zilizojificha, hata zile sehemu ndogo za mwanzo ambazo mashine hutumia kuwaka. Yote inafungwa kwa faili moja kubwa ama kadhaa. Siku diski ikikufa, unaweka ingine, unarudisha imeji, na mashine inaamka vile ilikuwa siku ulipoipiga picha. Huanzi kutafuta programu za uhasibu upya ama kukumbuka ulikuwa umeset vipi ile printa.

Na hii si teknolojia mpya. Norton Ghost, ambayo mafundi wa zamani bado wanaitaja kwa heshima, ilianza huko New Zealand miaka ya tisini, Symantec ikainunua 1998, kisha mwaka 2013 ikaizika. Siku hizi kuna Clonezilla, ya bure kabisa, unaiweka kwa flashi na kuwasha mashine nayo. Sura yake ni maandishi matupu, inaweza kukuogopesha. Ukitaka kitu cha kubonyeza kwa mausi, jaribu Rescuezilla, nayo ni ya bure na inaelewana na imeji za Clonezilla. Veeam Agent pia ina toleo la bure linalofanya kazi ukiwa ndani ya Windows. Macrium Reflect ilikuwa kipenzi cha wengi, lakini toleo lake la bure lilistaafishwa Januari 1, 2024, kwa hivyo msee akikupea hiyo ya zamani kwa flashi, jua haipati marekebisho tena.

Hata Windows 10 na 11 zina kifaa cha zamani ndani yake. Andika sdclt kwa sehemu ya kutafuta, ubonyeze, utaona mahali pa kutengeneza imeji ya mfumo. Ila Microsoft yenyewe ilisema tangu 2017 kwamba haikiendelezi tena. Kinaweza kukuokoa leo, lakini usijenge maisha yako juu yake.

Radi ya Kakamega haiulizi

Fundi akiwa ndiye hatari ya kwanza, ya pili iko juu ya kichwa chako. Unajua hali ya hewa ya huku. Asubuhi ni jua kali, ikifika alasiri mawingu yanajikusanya upande wa msitu, kisha radi inapiga hadi mabati yanatetemeka. Stima inapotea, inarudi kwa kishindo, inapotea tena. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS inazimwa katikati ya kuandika faili. Na hatujasahau mwaka 2023, vile giza lilifunika karibu nchi nzima Agosti 25, likarudi Novemba, kisha Desemba.

Hapo ndipo kuna kosa moja ambalo wasee makini pia hufanya. Ananunua diski ya nje, anapiga imeji, halafu anaiacha imechomekwa kwa mashine mwaka mzima. Radi ikipitia waya, inachoma vyote viwili. Virusi vya kudai fidia vikiingia, vinafunga mashine pamoja na hiyo bakapu. Mwizi akiingia, anabeba laptopu na diski yake kwa begi moja. Bakapu iliyokaa pamoja na mashine ni kama kuficha ufunguo wa ziada ndani ya nyumba ileile uliyojifungia nje.

Usidhani ni shida ya sisi wa mashinani. Septemba 26, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Humo kulikuwa na G-Drive, hifadhi ya faili za kazi za wafanyakazi wa serikali, terabaiti 858. Ilichomeka yote, na nakala nje ya jengo hilo haikuwepo. Maelezo yalikuwa kwamba mfumo ulikuwa mkubwa mno kuweza kunakiliwa. Hiyo ni nchi ambayo intaneti yake sisi tunaionea wivu. Doh walikuwa nayo na wataalamu walikuwa nao. Kitu walikosa ni nakala ya pili mahali pengine.

Sasa linganisha na Pixar. Mwaka 1998 mtu aliandika amri mbaya na filamu ya Toy Story 2 ikaanza kufutika. Bakapu za ofisi zilipojaribiwa, zikapatikana hazifanyi kazi vizuri. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, ambaye alikuwa akifanyia kazi huko juu alikuwa na mtoto mchanga. Nakala moja, nyumba tofauti, filamu ikapona.

Wewe huna kituo cha data, lakini una nyumbani. Diski moja ikae na wewe Amalemba, ingine ikae kwa mathe Shinyalu ama Mumias, ndani ya sanduku lake la vitu vya maana. Ukienda kumsalimia, unaibadilisha. Wataalamu huiita kanuni ya 3-2-1: nakala tatu za kitu chako, kwa vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Na usiseme utaweka imeji nzima kwa mtandao. Google inakupa gigabaiti 15 za bure, imeji yako inaweza kufika 100. Kwa bando zetu hizi, utafilisika kabla ifike nusu. Mtandaoni weka tisisi na vitu vichache vya maana zaidi. Imeji ikae kwa diski.

Kazi yenyewe

Kwanza, tengeneza flashi ya kuokoa sasa, mashine ikiwa bado mzima. Hiyo ndiyo utawasha nayo siku ya msiba, na siku hiyo hutakuwa na mashine ya kuitengenezea.

Pili, chomeka chaja, kisha chagua diski nzima, si C peke yake. Ukiacha zile sehemu ndogo za kuwakia, utarudisha Windows isiyojua kuamka.

Tatu, soma majina na ukubwa wa diski mara mbili kabla ya kukubali. Programu hizi hazikubembelezi. Ukigeuza chanzo na mwisho, utamwaga diski tupu juu ya maisha yako.

Nne, kuwa mpole. Kwa USB 2.0 ya zamani, gigabaiti 100 zinaweza kula karibu saa nzima. Pika ugali, rudi.

Tano, kama diski yako imefungwa na BitLocker, tafuta ule ufunguo wa kurejesha uuandike mahali kabla hujaanza chochote. Na kama unatumia Clonezilla, jua diski utakayorudishia lazima ilingane na ile ya zamani ama iwe kubwa zaidi.

Kisha chomoa.

Hujamaliza hapo

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwa na diski ya nje. Bakapu inaoza. Faili inaharibika kimyakimya, flashi inakataa kuwaka, nywila inasahaulika. Na utajua siku gani? Siku unaihitaji.

Waulize GitLab, kampuni inayohifadhia waandishi wa programu kazi zao. Januari 31, 2017 mhandisi wao alifuta data kwa seva isiyo sahihi. Walikuwa na njia tano za bakapu na kunakili. Walipozikimbilia, hakuna hata moja iliyokuwa ya kutegemewa. Kilichowatoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli ingine kabisa. Walikuwa na mashine za kisasa, na walikuwa wameshaamini wako salama.

Ndio maana nasema hivi: bakapu ambayo hujawahi kurudisha kitu kutoka kwayo ni tumaini tu. Kwa hivyo ukimaliza kupiga imeji, iambie programu iikague. Kama programu yako inaruhusu, ifungue na utoe faili moja, uone kama inafunguka. Washa mashine na ile flashi ya kuokoa, hakikisha inaiona diski ya nje, halafu utoke bila kugusa kitu. Ukipata diski kuukuu kwa fundi, rudisha imeji nzima huko uone kama inawaka. Usijaribu kurudisha juu ya diski yako moja nzuri kwa kutaka kuonyesha mabeshte.

Jambo la mwisho, na hili ni la wenye masaiba. Imeji yako imebeba vitambulisho vya watu, PIN zao za KRA na vyeti vyao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uzilinde. Weka nywila kwa imeji, na diski isitembezwe ovyo. Na hapo pia kuna hasla: fundi akianza kupiga imeji kwa diski ya mteja kabla ya kila fomati, ampe diski yake mkononi na asibaki na nakala, wateja watamwamini. Kazi kama hiyo watu watailipia.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla radi ya alasiri ianze, piga diski yako picha, toa faili moja uione ikifunguka, upeleke diski kwa mathe. Jumatatu nenda kwa fundi. Akikuuliza kama kuna kitu muhimu humo ndani, mwambie kiko, na kiko salama kwingine. Sasa afomati.