Majaribio ya Tiba Yasiwe Siri ya Wachache

Mwaka 1991 madaktari wa hospitali za askari wastaafu nchini Marekani walitangaza matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 332 wa saratani ya zoloto iliyokwisha komaa. Nusu yao walipewa tiba iliyozoeleka, yaani kukatwa zoloto na kupoteza sauti ya asili. Nusu nyingine walianzishiwa dawa, kisha mionzi. Baada ya miaka miwili, asilimia 68 ya kila kundi walikuwa hai; lakini katika kundi la pili, asilimia 64 ya wagonjwa walikuwa wameokolewa zoloto lao.

Mwalimu hahitaji kuelezwa thamani ya sauti. Faida hiyo ililetwa na wagonjwa waliokubali kwa hiari yao kushiriki.

Je, mgonjwa wetu wa kijijini atajuaje kwamba lipo jaribio linalomfaa? Madaftari ya majaribio yapo: la Marekani lilifunguliwa kwenye intaneti mwaka 2000, na la Afrika linatunzwa Cape Town. Kuyasoma ni bure. Lakini yameandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, na jambo lililoandikwa kwa lugha asiyoijua mgonjwa, kwake ni sawa na lililofichwa.

Wapo wanaohofu kwamba wananchi watageuzwa panya wa maabara. Hofu hiyo si ya kubezwa. Ndiyo maana Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lilisisitiza ridhaa ya mgonjwa aliyekwisha elezwa, naye ana haki ya kujitoa wakati wowote. Jaribio si ahadi ya kupona. Hata hivyo, hofu huondolewa kwa maelezo, wala si kwa kimya.

Kwa hiyo mgonjwa hana budi kumwuliza daktari wake mapema: saratani iko sehemu gani, zoloto, koromeo au umio? Imefikia hatua gani? Lipo jaribio linalonifaa? Asingoje, kwani majaribio mengine hayampokei aliyekwisha anza tiba.

Hospitali zinazotibu saratani nazo ziweke mtumishi wa kufasiri habari hizo kwa Kiswahili chepesi. Na sisi tuliosomeshwa kwa jasho la wananchi tuna deni: kumsomea ndugu yetu asichoweza kujisomea.