Gia boksi imebadilishwa, tubaki na gari au tuliuze?

Saa mbili usiku kaka yangu alinipigia simu akiwa kwenye kona za kupanda Bombo kutoka Gonja Maore. "Mdogo wangu, injini inanguruma lakini gari haliendi." Ndani alikuwa na mtoto wa darasa la pili na wifi yangu, mjamzito wa miezi sita. Waliweka mawe nyuma ya matairi, wakasubiri bodaboda gizani.

Wiki tatu baadaye gari lilikuwa limefungwa gia boksi nyingine, ya mtumba, kwa shilingi 900,000. Fundi, oili na kulivuta hadi gereji vikala 350,000. Jumla 1,250,000, kwa gari la Kijapani la namba C.

Nilipopanda kuwasalimia nilikuta nyumba imegawanyika. Kaka anataka kuuza. Dalali wa Same ameshataja milioni 5. "Gari likishakulaza njiani mara moja, huliamini tena," anasema.

Wifi hataki kusikia. "Wifi, tutoe zaidi ya milioni halafu raha wakaione wengine? Na uchungu ukinishika usiku, nishuke Gonja kwa pikipiki?"

Wazazi wenzangu, mabishano haya yako kwenye nyumba nyingi. Wifi anahesabu pesa ambayo imeshaondoka, na hairudi tukiuza wala tusipouza. Kaka anahesabu hofu ya usiku mmoja. Swali la kujiuliza ni hili: kuanzia leo, gari hili litatugharimu nini, na hiyo milioni 5 itatununulia nini badala yake?

Kwa bei hiyo watapata gari jingine la zamani, lenye gia boksi wasiyoijua historia yake. Kwa hesabu hiyo ni afadhali kubaki na hili, ila kwa sharti moja: wajue ile ya kwanza iliuawa na nini.

Nilipouliza, kaka akasema fundi alimwambia "imezeeka tu." Mimi naandika habari za afya, na jibu la namna hiyo huwa linanitia wasiwasi. Mgonjwa akitibiwa homa bila kujua chanzo, homa hurudi. Tukampelekea fundi wa pili.

Huyu alianza na rejeta. Katika magari mengi ya otomatiki, oili ya gia boksi hupita ndani ya rejeta ili ipoe. Sehemu hiyo ikitoboka kwa ndani, maji huingia kwenye oili, nayo hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Kaka akakumbuka: oili iliyomwagwa kutoka gia boksi ya kwanza ilikuwa na rangi hiyo hiyo. Rejeta haikuguswa. Oili ya gia boksi "mpya" nayo ilikuwa imeanza kupauka.

Rejeta ikabadilishwa, mabomba yakasafishwa, oili ikamwagwa na kuwekwa nyingine. Shilingi 260,000 zaidi. Wangeuza wiki ile, mnunuzi angebeba ugonjwa wao. Wangebaki nalo bila kuuliza, wangenunua gia boksi ya tatu.

Kama na wewe uko kwenye njia panda hii, fanya haya kabla ya kuamua:

Mwambie fundi akuonyeshe chanzo cha uharibifu, usiridhike na maneno. Hakikisha oili ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana gia boksi za CVT zina oili yake na si kila oili nyekundu inafaa. Dai risiti yenye dhamana ya maandishi: ya siku ngapi, na nani atalipa ufundi ikifa tena. Asubuhi gari likiwa baridi, weka rivasi kisha D. Likishtuka kwa nguvu, likichelewa kushika, au injini ikipandisha mlio bila mwendo kuongezeka, rudi gereji. Na kwenye milima kama yetu, tumia gia ndogo kupanda na kushuka, usiache kila kitu kwenye D na breki.

Kaka na wifi wamekubaliana kubaki nalo miezi sita. Kila mwezi wanatenga 60,000 za matengenezo. Likidai zaidi ya 500,000 kwa mkupuo, linauzwa, na mnunuzi anaonyeshwa risiti zote.

Lakini kwenye suala la uchungu nilimkatalia wifi. Gari, liwe bovu au zima, lisiwe mpango pekee wa mama mjamzito. Tukaandika mpango mwingine ukutani, jikoni: namba 115 ya m-mama, inayopigwa bure kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, simu ya jirani mwenye gari, pesa ya nauli iliyowekwa pembeni, na wiki mbili kabla ya tarehe aliyopewa kliniki, wifi ahamie kwa shangazi yetu, karibu na hospitali.

Kaka aliisoma karatasi ile mara mbili. "Basi gari litabeba ndizi," akasema. Wifi akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.