Bahari Inapochafuka, Tusimkaripie Mtoto

Akina mama wapendwa, shule zikifungwa wengi wetu huwapeleka watoto kwa bibi yao. Bibi wa watoto wetu yuko Unguja, hivyo kutoka Dar es Salaam hatuna budi kupanda boti. Safari ni ya saa 2 hivi, lakini kusi likivuma mwezi wa Julai, saa hizo 2 huwa ndefu.

Safari moja binti yetu wa miaka 8 alitapika, akachafua gauni lake la Jumapili na suruali ya baba yake. Badala ya kumhurumia, tulimkaripia mbele za watu na kumwambia anadeka. Akanyamaza. Likizo iliyofuata alisema haendi tena kwa bibi. Tuliona aibu, maana hakuwa akiogopa bahari, alituogopa sisi.

Kulewa bahari si kudeka. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachoupa ubongo habari za mwendo wa mwili. Boti ikiyumba, sikio husema tunakwenda, lakini macho yanayotazama kiti au kitabu husema tumetulia. Ubongo huchanganyikiwa, na roho huchafuka. Watoto wa miaka 2 hadi 12 hupatwa zaidi, na akina mama wajawazito pia.

Basi sasa tunajiandaa. Asubuhi ya safari tunakula kidogo, mkate mkavu na chai ya tangawizi. Vya mafuta tunaviacha. Tunakaa katikati ya boti, penye hewa safi, kwa kuwa mbele hurukaruka zaidi. Mtoto hasomi wala hachezei simu. Hutazama mbali, pale mbingu na bahari zinapokutana. Akishindwa, hufumba macho na kutuegemea. Tunabeba kopo lenye mfuniko, kitambaa kibichi, maji ya kunywa kidogo kidogo na nguo ya kubadili.

Dawa humezwa kabla ya safari, kiasi cha saa 1, si baada ya kuanza kutapika. Mwulizeni kwanza mfamasia au daktari, hasa mkiwa wajawazito. Promethazini asipewe kamwe mtoto wa chini ya miaka 2.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, watu 276 walikuwa melini, na dhoruba ilikuwa imefika siku ya 14. Paulo aliwasihi wale chakula, akamshukuru Mungu, akaumega mkate, akaanza kula mwenyewe. Wote wakachangamka. Aliye na nguvu humtia nguvu mwenzake.

Tulimwomba binti yetu msamaha, akakubali kusafiri. Njiani alitapika tena mara moja. Baba yake alimshikia kopo, sisi tukampangusa uso, na hakuna aliyemcheka. Boti ilipofunga gati pale Malindi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkimbilia bibi.

Bwana awalinde katika safari zenu.