Unakimbia, Halafu Unashinda Nini?

Hili swali nimeulizwa mwaka mzima. Nimeulizwa na wasee wa boda hapa stejini Sosiot. Nimeulizwa na mama wa mboga akinihesabia chenji. Mjomba wangu aliniuliza mbele ya wageni, kikombe cha chai mkononi: "Kwani wewe unakimbia, halafu unashinda nini?"

Jibu ni moja tu. Sishindi kitu. Na leo nataka kutetea haki yangu ya kutoshinda kitu.

Wacha niweke namba mezani mapema ndio mcheke mmalize. Nilianza Januari 2025. Siku ya kwanza nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nikashuka mteremko nikijiona bingwa, nikaanza kupanda kilima cha kwanza na sikufika juu. Nilikaa chini kando ya majani chai nikihema kama mbuzi aliyekimbizwa na mbwa. Mzee mmoja akanipita. Alikuwa na baiskeli, na hata hakuwa ameipanda. Alikuwa anaisukuma.

Aprili nikaweza kilomita 5 bila kusimama. Agosti nikafanya 10 kwa saa 1 na dakika 14. Novemba nikalipia mbio za kilomita 21, nikavaa namba kifuani, nikamaliza kwa saa 2 na dakika 48. Nilipofika, lile tao la kumalizia lilikuwa limeshashushwa. Vijana walikuwa wanakunja nyaya, maji yameisha, na mtu wa kipaza sauti ameshaenda zake. Mmoja akaniambia, "Buda, pita kando usikanyage waya."

Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu. Kilomita 21, pita kando.

Sasa linganisha. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia kilomita 42 za Chicago, Oktoba 2023, kwa saa 2 na sekunde 35. Yaani tungeanza pamoja, mimi nikimbie nusu na yeye azima, angemaliza, aoge, ale, na bado angeningoja zaidi ya dakika 40. Naijua hiyo hesabu vizuri. Hakuna mtu anahitaji kunikumbusha.

Shida yangu si kwamba mimi ni mpole. Shida ni kwamba huku kwetu, ukiwa mpole, ni kama umeiba kitu cha ukoo.

Tuelewane. Mimi najivunia historia yetu kuliko wengi wenu. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki ililetwa na mtu wa Kericho, Wilson Kiprugut Chumo, shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964. Akarudi tena Mexico mwaka 1968, akachukua fedha. Beatrice Chebet ametoka Londiani, kaunti hii hii yetu, na Julai 2025 akawa mwanamke wa kwanza duniani kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14. Hao ni watu wetu. Wakishuka ndege wakinywa mursik, na mimi napiga kelele hapa nyumbani.

Lakini kutokana na hao wachache tumejijengea uongo mmoja mkubwa: kwamba kukimbia ni kazi ya walio na kipaji, na wengine wote kazi yetu ni kukaa chini tuwashangilie. Nikiwa kampasi, kabla sijaacha, wenzangu wa hosteli walisikia jina langu la pili wakaniandikisha mbio za kupokezana bila hata kuniuliza. Nikamaliza wa mwisho. Wakaniambia mimi ni Mkalenjin feki. Walikuwa wanacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini sikukimbia tena kwa miaka miwili.

Angalieni venye tunaishi. Mtoto wa shule ya msingi anakimbia kila siku, kwenda na kurudi. Akifika sekondari, mwalimu wa michezo anachagua watano. Hao watano wanaendelea, mia tatu wanakaa kwenye nyasi. Ukifika miaka 20 na hujulikani kambini, kukimbia kumeisha kwako. Ukionekana barabarani na kaptula, watu wanauliza kama kuna mtu amefariki au kama unafukuzwa na polisi. Sisi ndio tunaitwa nchi ya wakimbiaji, na mtu mzima wa kawaida hapa kwetu hakimbii. Anaangalia.

Na wale watano waliochaguliwa? Hapo ndipo mambo yanakuwa machungu.

Nina rafiki yangu, sitamtaja. Aliacha shule kidato cha tatu akaenda kambini. Baba yake akauza ng'ombe ndio apate viatu na pesa ya chakula. Alikuwa mzuri kweli, mimi nilimwona. Lakini mzuri wa kijiji na mzuri wa dunia ni vitu viwili tofauti. Mwaka wa pili goti likaanza kuuma. Akaogopa kurudi nyumbani kwa sababu ng'ombe hakuwa amerudi. Akatokea mtu wa "kumsaidia" na sindano, akaambiwa ni vitamini, wote wanadungwa. Alikataa, nashukuru Mungu, lakini ameniambia mwenyewe kwamba alikaa usiku mzima akiifikiria.

Mnapiga kelele kila mara mwanariadha wa Kenya akifungiwa kwa sababu ya dawa. Kenya imekuwa na sheria ya kupambana na dawa michezoni tangu 2016, na bado wanafungiwa. Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, alifungiwa miaka 3. Aliyekosa amekosa, simtetei mtu. Lakini tujiulize sisi tuliobaki nyumbani: kijana ambaye kijiji kizima kimemfundisha kwamba kukimbia bila kushinda ni ujinga, tunategemea afanye nini siku akigundua hatashinda?

Rafiki yangu siku hizi anaendesha boda. Mguu umepona kitambo. Nilimwambia twende tukimbie kilomita 5 za raha tu, akanijibu, "Wanione? Watasema nimerudi kujaribu tena." Anaona haya kukimbia. Mtu aliyepewa kipaji na Mungu anaona haya kukimbia, halafu mimi ambaye sina ndio niko barabarani. Niambieni kama hiyo si laana.

Sasa, kabla mseme naongea kama mtakatifu, niseme langu.

Mwaka juzi nilipost vidio ya mama mmoja jirani yetu. Rika la mama yangu. Alikuwa anatembea kwa haraka barabarani asubuhi, leso kiunoni, viatu vya kanisani, mikono inapigapiga hewa. Nikamrekodi kwa nyuma, nikaweka sauti ya mtangazaji wa mbio: "Na sasa anaongoza, Kenya tunapata dhahabu!" Ile vidio ilienda. Mpaka leo hakuna kitu changu kimewahi kutazamwa vile. Watu walinitambua matatuni kwa sababu yake.

Kitu sikujua ni kwamba huyo mama ana kisukari na daktari ndiye alimwambia atembee kila siku. Kitu kingine sikujua ni kwamba mtoto wake alimwonyesha ile vidio. Aliacha kutembea. Mama yangu ndiye aliniambia, miezi kadhaa baadaye, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Yule mama sukari imepanda tena. Siku hizi hatoki."

Nilifuta vidio usiku huo. Kufuta ni rahisi. Januari ilipofika ndio nikaanza kukimbia, na mkitaka kujua ukweli, nilianza kwa aibu, sikuanza kwa afya. Nilitaka kujua ikoje kuwa barabarani asubuhi na watu wanakuangalia. Sasa najua. Kilima unakizoea. Macho huyazoei haraka.

Kwa hivyo nyinyi wenzangu mnaotengeneza kontenti, hii inawahusu. Ile vichekesho ya "Mkalenjin mnono", "Mkalenjin asiyejua kukimbia", mnarekodi watu barabarani bila ruhusa ndio mpate watazamaji, hebu simameni kidogo mfikirie. Hamjui huyo mtu ametoka hospitali gani. Mimi nilikuwa sijui pia, na kutojua hakukushusha sukari ya mtu.

Kuna jibu moja ambalo lazima niliheshimu, kwa sababu ni la mjomba wangu na lina ukweli ndani yake. Anasema hivi: kukimbia bila pesa ni starehe ya watu wa Nairobi walioshiba, wanaoendesha gari mpaka msitu wa Karura ndio washuke wakimbie. Huku kwetu mtu akiwa na nguvu za kukimbia, aende shambani. Mashine zimeingia kwenye mashamba ya chai na mikono inabaki bila kazi. Mwaka 2023 watu wa hapa waliandamana mpaka mashine zikachomwa. Katika hali kama hiyo, mbio ndiyo njia iliyobaki ya kijana kutoka. Kumwambia akimbie bila kushinda ni kumwambia acheze na tikiti yake ya mwisho.

Mjomba, nakuelewa. Lakini nikuulize kwa heshima. Hapa stejini kuna vijana wanaweka mia mia kwenye beti kila wikendi, mwaka unaisha. Umewahi kumuuliza hata mmoja ameshinda nini? Wanaokaa kwenye kreti za soda kuanzia asubuhi mpaka mvua ya saa tisa iwafukuze, umewauliza? Ni mimi tu wa viatu vya mtumba vya shilingi 900 ndiye lazima nilete risiti.

Na hiyo tikiti ya mwisho, tuhesabu ni wangapi wanapanda gari. Kambi ina vijana wengi, na mshindi ni mmoja. Sijasema tuache kulea mabingwa. Nasema tuache kutupa wengine wote. Bingwa akitoka kwenye kijiji ambapo kila mtu anakimbia, atakuwa na pa kurudi goti likikataa. Akitoka kwenye kijiji ambapo bingwa peke yake ndiye ana ruhusa, akianguka ameanguka mpaka chini.

Tena mabingwa wenyewe hawafikirii kama sisi. Juni 26, 2025, Faith Kipyegon alisimama Paris mbele ya dunia nzima akasema anajaribu maili moja chini ya dakika 4, kitu ambacho hakuna mwanamke amewahi kufanya. Hakufaulu. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 6 hivi akalala chini. Baada ya siku 9 akaenda Marekani akavunja rekodi yake mwenyewe ya dunia ya mita 1,500. Mwanamke mwenye dhahabu tatu za Olimpiki anajitolea akose mbele ya kila mtu, halafu sisi wa Sosiot tunaogopa kukosa mbele ya mtu wa kuuza viazi.

Basi mwaka 2026 nimejiwekea malengo haya, nayasema hadharani ndio nisiruke.

La kwanza, kilomita 21 chini ya saa 2 na dakika 30. Ni lengo la kobe, najua, na ni langu.

La pili, mbio nitakayolipia ni ile ambayo tao linabaki wima mpaka mtu wa mwisho afike. Nitauliza kabla sijatoa pesa. Waandaaji, ada yangu ni sawa na ya aliyeshinda. Niwekeeni basi chupa moja ya maji na mtu mmoja wa kupiga makofi.

La tatu, rafiki yangu wa boda. Sitamsukuma. Lakini kila Ijumaa nitamuuliza, na kila Ijumaa ana ruhusa ya kukataa.

La nne ndilo kubwa. Mwezi Septemba nilienda kwa yule mama kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yakaishia mlangoni. Alinikaribisha, akaniwekea chai, akaniacha niongee mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mimi sikukasirika, kijana wangu. Nilichoka tu kuangaliwa."

Tangu Oktoba tunatembea naye Jumanne na Alhamisi asubuhi. Yeye, mimi, na sasa jirani yake mwingine amejiunga. Hatukimbii. Simu inabaki nyumbani. Lengo la 2026 ni tufike mpaka kanisani na kurudi bila kukaa njiani, na tuwe watu kumi, kwa sababu mtu mmoja barabarani anaangaliwa lakini watu kumi wanasalimiwa.

Kwa hivyo ukituona, usiulize tunashinda nini. Salimia tu. Au vaa viatu uje, saa kumi na mbili na nusu, stejini. Wa mwisho tutamngoja.